Mchezo wa Kumrudisha Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni

Kaka yangu Ukuta,

Shikamoo. Simu yako naona umeigeuza pambo la mezani, inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimeshika kalamu, na barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi aiache hapo karakana kwenu. Usije ukajifanya hukuipata, maana nimemwambia akukabidhi mkononi.

Mimi mzima, mzima wa kujikongoja. Muhula huu umenikalia kifuani. Darasa la pili na la tatu yote ni yangu kwa michezo, na sasa wakubwa wa elimu wametuletea mpango mpya: tuwafundishe watoto hawa wadogo habari za pombe na kuishi kwa afya, na tuwafundishe kwa kuwachezesha. Wazo si baya. Wametupa kitabu chenye picha nzuri, wakasema mipira, kamba na koni zinafuata. Zimefuata koni peke yake. Mwenzio nina koni za kuzungushia uwanja wa ndege, na mpira mmoja wenye kiraka.

Kitabu kinasema mtoto asihubiriwe. Hapo nakubali. Nikisimama mbele nikasema pombe ni mbaya, wote wananiitikia "ndiyooo mwalimu", na hakuna aliyesikia. Wangeitikia hivyohivyo hata ningesema maziwa ni mabaya. Kwa hiyo natafuta mchezo wa kuwaonyesha, na kichwa changu siku hizi jioni hakina kitu.

Kiroboto wako hajambo. Anakula, anafua soksi zake bila kuambiwa, hanisumbui hata kidogo. Mtoto wa miaka minane asiyesumbua anatia wasiwasi, lakini wa kunisumbua ninao wengi shuleni, kwa hiyo nimenyamaza. Kitu kimoja tu: kila jioni anakagua kitasa cha mlango, anakwenda, anarudi tena kukikagua. Nimemwambia hapa hakuna mwizi. Ananiambia "sawa, shangazi," kisha anakwenda kukagua.

Kama tulivyokubaliana, shule ikifungwa nampandisha basi arudi kwako. Nitamkosa, kaka, ila sikufichi, nitapumua pia. Mama mkwe sasa hainuki kitandani bila kushikwa, na shemeji yako safari zake unazijua.

Ombi langu ni hili. Tarehe tano Julai ni siku ya michezo, na mgeni nataka uwe wewe. Wazazi wengi hapa bado wanakukumbuka golini. Wanakumbuka pia ulivyokuwa unazimwaga chupa za wenzako kabla ya mechi, mpaka wakawa wanakuita mchungaji. Njoo usimame mbele ya hawa watoto, uwaambie mchezaji wa kweli anaishije. Maneno machache tu, kisha utakula ulale.

Dadako.


Jumanne, 11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Huyo kondakta wako angefaa upelelezi, kanifuata mpaka nyuma ya karakana. Simu ilitumbukia kwenye pipa la maji tunalopozea vyuma, ndiyo maana. Na mwandiko usikushangaze. Huu mwanga wa kuchomelea umeniunguza macho, herufi naziona mbilimbili.

Siku ya michezo sitaweza. Tuna mageti ya kiwanda, makubwa, tajiri hataki kusikia habari ya ruhusa. Halafu hao watoto wananijulia wapi? Walionishangilia mimi wana mvi sasa. Tafuta mchezaji kijana mwenye viatu vya rangi, watamsikiliza zaidi.

Mtoto nirudishie siku ileile tuliyopanga. Usiisogeze. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kitanda chake nimekipaka rangi ya kijani, aliniomba zamani nikawa naahirisha. Mwambie kimekauka.

Nashukuru kwa yote unayomfanyia. Najua umechoka. Mimi pia, dada, sijui hata nimechoshwa na nini.

Kakako.


Jumatano, 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Habari ya kutokuja imeniudhi, ila hilo nitalirudia baadaye. Leo nina habari ya kukufurahisha, na kwa muhula huu hiyo ni habari adimu.

Mchezo nimeupata. Watoto wanacheza wawiliwawili. Mmoja anainama, anaweka paji la uso juu ya fimbo, anaizunguka fimbo mpaka ashikwe na kizunguzungu. Huyo ndiye "aliyekunywa". Mwenzake anatakiwa kumpitisha katikati ya koni mpaka kwenye duara la chokaa, ndiko nyumbani. Wakiangusha koni, wanaanza upya. Wakimaliza tunakaa chini tunazungumza: miguu ilifanya nini? Macho je? Ungeweza kudaka mpira? Ungeweza kuvuka barabara? Kaka, sijawahi kuona watoto wakijibu kwa maneno yao wenyewe namna ile. Mmoja kasema, "Mwalimu, miguu ilikuwa ya mtu mwingine." Nikamwambia hilo hata kitabuni halimo.

Wengi wanaanguka, koni zinaruka, watu wanavunjika mbavu kwa kucheka. Ila Kiroboto wako! Hajaangusha koni hata moja. Hamvuti mwenzake mkono kama wenzake wanavyofanya. Anamshika mkanda kwa nyuma, anaingiza bega lake dogo chini ya kwapa, anatangulia nusu hatua, na anamsemesha taratibu njia nzima: "Polepole. Hapa ngazi. Nyingine. Nyingine." Uwanjani hakuna ngazi, lakini mwenzake anainua mguu vizuri kabisa! Akifika nyumbani anamvua viatu, anamlaza ubavu, na juzi akakimbia kuleta ndoo akaiweka karibu na kichwa. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Nilicheka na mimi. Uigizaji ule!

Nimemuuliza, "Nani kakufundisha?" Kasema, "Najua tu." Nikasema moyoni, damu ya Ukuta hiyo. Ulikuwa unaona mpira unakokwenda kabla haujapigwa, naye ni vilevile, anaona mtu anakoangukia kabla hajaanguka. Nimemfanya kiongozi wa timu. Siku ya michezo yeye ndiye atakayewaonyesha wazazi na ofisa wa elimu.

Sasa utakosa kweli? Mwombe huyo tajiri wako siku moja tu. Nimechoka kaka, lakini kwa mtoto huyu nimejisikia kama mwalimu tena.

Dadako.


Jumatatu, 24 Juni

Dada,

Mtoe kwenye huo mchezo.

Mtoto ana goti bovu, nilisahau kukuambia. Pia ni mwoga wa watu, mbele ya umati atalia na utamwaibisha bure. Mpe filimbi, mpe kazi ya kupanga koni, kazi ziko nyingi. Na sioni kwa nini watoto wa umri huo wafundishwe mambo ya ulevi. Wafundishwe kukimbia na kuruka, wakapumzike.

Hakuna kingine alichosema? Kuhusu nyumbani, au chochote? Niandikie.

Shule ikifungwa apande basi moja kwa moja. Nitampokea mwenyewe kituoni.

Kakako.


Ijumaa, 28 Juni

Baba,

Shikamoo. Hii nampa kondakta mwenyewe, shangazi hajui. Amesema umekataa nisicheze kwa sababu ya goti. Goti langu haliumi. Nadhani umekasirika.

Baba, mimi sijasema kitu. Shangazi aliniuliza nani kanifundisha, nikasema najua tu. Ngazi zilinitoka mdomoni zenyewe. Na ndoo nilisahau kama ni mchezo. Sitasahau tena.

Huu mchezo wa shangazi si kama wenyewe. Mtu akizungushwa anayumba kidogo tu halafu anapona. Anainuka mwenyewe, anacheka, anasema tena tena. Mara ya kwanza nilishangaa. Nilikuwa nangoja alale.

Sasa nani anakufungulia mlango? Ufunguo usiuweke mfuko wa nyuma, unaukalia ukidhani umepotea. Ukishindwa ngazi kaa ile ya tatu, ni pana. Viatu ukivishindwa lala navyo tu, nitakuja kufua shuka.

Nimefunga mzigo wangu tayari. Nakuja karibuni.

Mwanao,
Kiroboto.


Jumamosi, 6 Julai

Kaka,

Salamu utaniwia radhi, leo sina.

Nilifanya ulivyotaka. Nilimtoa mtoto kwenye onyesho, nikampa filimbi. Alisimama pembeni na kofia yangu kichwani, hakulalamika. Watoto wengine wawili wakaonyesha mchezo, wazazi wakacheka, ofisa akapiga picha. Mambo yalikwenda vizuri. Ndipo Mwalimu Mkuu, katika kutaka kuwafurahisha watu, akasema na yeye azungushwe.

Unamkumbuka, mwili ule, na tai yake. Tangu nimjue pombe hajaigusa hata ya kuonja. Akainamia fimbo, akazunguka, akapiga hatua mbili, akaanguka kifudifudi. Kaka, uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejishika kiuno.

Kiroboto alitupa filimbi akakimbia. Akapiga magoti, akamgeuza mtu mzima yule akamlaza ubavu, mimi sijui nguvu kaitoa wapi. Akamfuta mdomo kwa pindo la sketi yake. Akaangaza macho, akaona ndoo ya maji ya kunawa, akayamwaga yote na kuiweka karibu na kichwa chake. Kisha akatugeukia sisi, uso mkavu kabisa, akasema, "Msicheke. Akiamka atakumbuka kuwa mlicheka." Akainama sikioni kwa Mwalimu Mkuu, nami nilikuwa nimeshafika karibu, nikasikia. Akasema, "Baba, inuka twende ndani, watu wanatuangalia."

Yule mzee kizunguzungu kilikuwa kimeshamwisha. Alikuwa mzima kama wewe unavyotaka nikuone. Lakini hakuinuka kwa haraka. Alimwacha amshike mkanda, akamwacha aingize bega, wakaenda polepole kati ya koni, yeye akiinua mguu kila alipoambiwa ngazi, mpaka ndani ya duara. Hapo akakaa chini, akakubali kuvuliwa viatu. Hakuna aliyecheka tena. Ofisa alikuwa ameishusha kamera.

Nimefundisha dalili za mlevi muhula mzima, na ubaoni nimezichora. Mtoto amezicheza mbele yangu, nikampigia makofi, nikamfanya kiongozi wa timu. Hasira yangu kubwa ni juu yangu mwenyewe, halafu inakuja kwako, halafu inachoka. Sina hata nguvu ya kugomba.

Sikumuuliza kitu. Nilimwogesha, akala, akakagua kitasa. Leo asubuhi ndiye aliyenianza: "Shangazi, usimwambie baba kuwa watu waliona." Kwamba yeye ndiye kakosa!

Basi la Jumamosi ijayo tiketi yake ninayo. Naweza kuichana, na nyumba yangu ilivyo itambeba, usifikiri namtupa. Lakini mzigo wake uko mlangoni tayari. Anaamini usipokuwa naye utakufa kwenye ngazi. Nikimzuia mimi, ataona nimemzuia kumwokoa baba yake, na atatoroka, namjua. Neno linatakiwa litoke kwako. Niambie kaka, na usinipige chenga safari hii: nikimpandisha Jumamosi, ni mtoto anarudi kwa baba yake, au ni mlinzi anarudi kazini?

Dadako.


Jumanne, 9 Julai

Dada,

Nilikuandikia barua nyingine yenye maelezo marefu, kwamba ni mara mojamoja, kwamba ni marafiki. Nimeichana.

Si mara mojamoja. Mageti ya kiwanda hayapo. Tajiri alinitoa kwenye kuchomelea tangu mwezi wa nne, akaogopa mikono yangu, sasa napiga msasa na kufagia. Macho yangu ni mazima. Barua hii unaisoma bila taabu kwa sababu nilikunywa kwanza ndipo mkono ukatulia. Hivyo ndivyo nilivyo, na sasa unajua.

Nilipomleta kwako nilijiambia muhula mmoja utanitosha kuacha. Tangu tumzike wifi yako nilikuwa najiambia hivyo, na mtoto akawa ananisubiri kwenye mlango. Sikumfundisha kunishika mkanda. Siku moja tu nilikuta ananishika, nikaona ni sawa, nikazoea. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, dada, nilivyozoea.

Usimlete. Nimeliandika neno hilo, nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi nikakuta bado lipo. Usimlete.

Kuna zahanati karibu na soko, wana siku yao ya watu wa aina yangu. Nimepita mbele ya mlango wake. Sikuahidi kitu. Ahadi zangu mwenyewe nimeshazichoka kuzisikia.

Hii ya pili mpe yeye. Msomee pale atakaposhindwa.

Kakako.


Kiroboto wangu,

Jumamosi usipande basi. Baki kwa shangazi.

Nakutaka sana, usije ukafikiri vingine. Kitanda chako kiko palepale. Lakini nyumba hii kwa sasa si ya mtoto, na aliyeifanya hivyo ni mimi.

Shangazi anajua yote. Nimemwambia mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo huna siri ya kunitunzia tena. Hukunichongea. Hukukosa uwanjani. Ulikuwa unafanya kazi ya mtu mzima, na mtu mzima wa nyumba hii nilipaswa kuwa mimi.

Mlango nitaufunga mwenyewe. Siku nikishindwa, mpangaji wa chini nimemwambia, amesema atanisikia. Na nikianguka, mwanangu, si kwa sababu wewe hukuwepo. Soma hapo mara mbili. Nilikuwa naanguka hata ulipokuwepo.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie.

Baba yako.


Alhamisi, 11 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, halafu shangazi akanisomea tena. Pale ulipoandika nisome mara mbili nimesoma mara nyingi. Nimelia. Halafu nimekula.

Nimekukasirikia. Shangazi anasema inaruhusiwa, ila shikamoo lazima nikupe.

Mzigo nimeufungua. Gauni la bluu limekuwa fupi, shangazi amenicheka, akasema nimekua gauni likiwa kwenye mfuko. Bibi, mama mkwe wa shangazi, anataka nimsaidie kuinuka, lakini shangazi amekataa. Amesema mimi nisimshike mtu yeyote mpaka aseme yeye.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Nilidhani nitachapwa kwa sababu ya maji ya kunawa. Akaniuliza kama nataka kucheza winga. Nikamwambia sijui kucheza. Akasema watu wote wa darasa la pili hawajui, wanakimbia tu nyuma ya mpira kama kuku, kwa hiyo niende nikakimbie.

Jumamosi tuna mechi na shule ya jirani. Siku hiyo sitakuwaza, Baba, nitakuwa nakimbia. Jumapili nitakuwaza.

Mwanao,
Kiroboto.